Shangazi Nijibu: Kanipita kama hanijui

Wapenzi wasomaji, habari za tangu wiki ile. Nimekaa barazani na barua zenu toka asubuhi mpaka adhana ya alasiri, na nilichoona ni kwamba karibu kila barua inauliza kitu kimoja, fulani kwanini kafanya vile, na mwenye barua anakuwa jibu keshalipata zamani anataka tu mimi nimuunge mkono. Leo sitamuunga kila mtu, mnisamehe, mana jambo hili naliona linavunja nyumba na urafiki wa miaka na mimi mwenyewe limenikuta.

Shikamoo shangazi. Mi niko hapa Ngamiani barabara ya 12, nauza vitumbua na chai asubuhi. Nna shoga yangu tumekua wote tangu chuoni tunasoma juzuu, hakuna harusi tuliyokwenda bila sare ya kanga. Mwezi wa tatu mama yangu kafariki, matanga siku tatu watu wamejaa mpaka turubai halikutosha, yeye sijamuona hata simu hata meseji ya pole. Nikasema labda kasafiri. Wiki mbili baadae niko soko la Mgandini nachagua nazi ikapita bajaji yeye yumo ndani, tumeangaliana macho kwa macho wallahi, akageuza uso upande wa pili. Nikabaki nimeduwaa na nazi mkononi. Sa watu wananambia tangu mumewe apate kazi bandarini anajisikia, hataki tena watu wa vitumbua, na mi naona ni kweli mana roho yake nishaijua. Mwezi ujao anaozesha binti wa dada yake nimeletewa kadi ya mchango. Nisiende? Nimfute kabisa? – Mwenye Donge, Ngamiani

Marahaba mwanangu, na pole sana ya mama, Mungu amrehemu. Msiba wa mama haupoi kwa miezi miwili na mtu akikukosea ndani ya msiba inauma mara mbili, sikulaumu hata kidogo kwa hilo donge.

Ila nataka tuhesabu pamoja. Ulichokiona kwa macho yako ni vitu viwili tu, hakuja matangani, na alipokuona Mgandini kageuza uso. Basi. Anajisikia hukuiona, hataki watu wa vitumbua hukuisikia kinywani mwake, umeletewa na watu wakati moyo wako una kidonda na kidonda kinapokea kila kinachopakwa. Roho yake nishaijua pia si kitu ulichokiona, hiyo umeipika mwenyewe kutokana na vile viwili.

Na kupika hivo ndo kazi ya akili ya binadamu, usidhani ni wewe peke yako. Kuna mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, Fritz Heider, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, mwaka 1944 yeye na mwenzake Marianne Simmel walitengeneza kifilamu kifupi kisicho na mtu hata mmoja ndani, ni pembetatu mbili, moja kubwa moja ndogo, na kiduara kidogo, vinatembea tu kwenye karatasi kando ya kibox kama kinyumba. Wakawaonesha watu wakawauliza mmeona nini. Watu wakaanza kusimulia ile pembetatu kubwa mkorofi, anamuonea mwenzie, kile kiduara kinaogopa kinajificha. Pembetatu mwanangu! Kama pembetatu tumeipa roho mbaya kwa kutembea tu, shoga yako aliyegeuza uso ataponaje?

Baadae, 1977, akaja mwingine Lee Ross akalipa jina lile jambo, akaliita kosa la msingi, kwamba mtu akifanya kitu sisi tunaotazama tunakimbilia kusema ndo alivyo, na tunapita pale penye mambo yaliyomsukuma kama hatuyaoni. Na kweli hatuyaoni, mana tunamuona mtu, yaliyomzunguka hayana sura.

Ngoja nikwambie langu. Hapo Deep Sea sokoni palikuwa na mama mmoja nilikuwa nanunua kwake changu na kibua, samaki wake wazuri lakini chenji alikuwa hanipi mkononi, anaitupa mezani. Sarafu inaruka inagonga ubao nyingine inaangukia chini kwenye maji ya samaki, mimi na buibui langu nainama kuokota. Mwaka mzima mwanangu nimeinama nikisema moyoni huyu mama ana dharau, huyu mama hajafundwa. Nikawaambia na wenzangu, wakakubali, mana kila mmoja alishatupiwa. Siku moja nimewahi alfajiri boti ndo zinashusha, nikamkuta anazamisha mikono kwenye sanduku la barafu anapanga samaki, mikono mpaka kwenye kiwiko, akaitoa imekuwa myeupe kama ya maiti, ncha za vidole zimepasuka pasuka na chumvi imeingia kwenye mipasuko. Akanipimia, nikatoa noti, akaingiza mkono kwenye kikopo cha sarafu, vidole havikunjiki. Anaikwangua sarafu kwa ubavu wa kiganja inateleza, anaikwangua tena, ikimfika anaiachia haraka kabla haijamponyoka, na ndo ule mtupo wenyewe. Nilisimama nikatazama mara tatu nne. Nilipofika nyumbani nikajaribu, nikatumbukiza mkono kwenye maji ya barafu mpaka nikashindwa kuvumilia afu nikajaribu kuokota shilingi 100 kwenye meza ya kioo, sikuweza. Mwaka mzima nimemla nyama mtu kwa vidole vilivyoganda.

Sa rudi kwa shoga yako. Ile bajaji ilikuwa inakwenda wapi? Hujui. Wataalamu wawili, John Darley na Daniel Batson, mwaka 1973 walichukua vijana wanaosomea uchungaji pale Princeton huko Marekani, wakawaambia nendeni jengo la pili mkatoe mazungumzo, baadhi walipewa wazungumzie ile habari ya Injili ya Msamaria mwema aliyemuokota majeruhi njiani. Njiani wakawawekea mtu kajikunyata mlangoni anakohoa na kugumia. Walioambiwa muda upo, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa mmechelewa, asilimia 10. Watu wa dini hao mwanangu, na wengine wana Msamaria mwema kichwani wanakwenda kumhubiri, wanampita mgonjwa kwa sababu ya haraka. Ungesimama dirishani ungesema hawa hawana imani. Kilichowatenganisha ni dakika.

Lakini mi sidhani kwa shoga yako ni haraka, nakwambia ninavyoona mimi kwa miaka niliyokaa kwenye misiba ya Tanga hii. Kuna watu wanakosa msiba kwa aibu ya mikono mitupu. Siku ya kwanza hana rambirambi, anasema kesho nitapata niende, kesho hakupata, siku ya tatu anaona nikienda saivi nitaulizwa ulikuwa wapi, matanga yanaanuliwa. Baada ya hapo kila siku inayopita deni linakua. Hata kupiga simu anashindwa kwa sababu hakupiga siku ya kwanza. Akikutana na wewe ghafla sokoni na nazi yako mkononi hana pa kuuweka uso. Na aibu na maringo ukivitazama kutoka mbali vinafanana, vyote vinageuza shingo. Usiniambie mumewe ana kazi bandarini, kazi ya mtu hujui mshahara umeshakatwa mikopo mingapi, na pia mume kupata si mke kupata. Au labda alikuwa anaumwa kitu cha kike ambacho hakisemwi. Sijui mimi, na wewe hujui, na hao wanaokuletea hawajui.

Kitu kingine. Mtaalamu mwingine, Bertram Malle, alikusanya tafiti 173 akazitoa pamoja mwaka 2006, akaona kwamba tofauti ya tunavyojieleza wenyewe na tunavyoeleza wengine inakaa hasa kwenye mabaya. Likiwa baya nimelifanya mimi, nilikuwa na shida, umelifanya wewe, ndo tabia yako. Likiwa jema linageuka. Jiulize, katika miaka yote ya sare za kanga we hujawahi kukosa jambo la mtu? Ulipokosa ulijiambia nini? Kwetu sisi Waislamu Surat Hujurat aya ya 12 imesema tujiepushe sana na dhana mana baadhi ya dhana ni dhambi, na wazee wetu wa pwani walikuwa wanasema mtu mwekee udhuru, yaani kabla hujamhukumu mtengenezee sababu japo moja ya kumtetea. Walijua kwamba sababu mbaya inakuja yenyewe, nzuri ndo inataka kutafutwa.

Kwahiyo fanya hivi. Usimtumie meseji, usimtumie voisi, na usimtume mtu. Nenda kwake jioni, peke yako, usende na kinyongo cha kadi ya mchango mkononi. Mwambie shoga, mama kafariki sikukuona, na Mgandini uligeuza uso, kulikoni. Afu unyamaze. Kunyamaza ndo kazi kubwa, mana ukiendelea kuongea utamjibia mwenyewe. Akikupa sababu umsikilize mpaka mwisho. Na akikosa sababu, au akikwambia kweli sikutaka kuja, hapo utalia, lakini utalia kwa kitu kilichotokea. Mchango wa harusi amua baada ya hapo.

Shangazi za saizi. Nna dada wa kazi katoka Lushoto huu mwezi wa pili. Ni mzito wa kuelewa mpaka nachoka. Juzi nimemuachia papa mbichi aunge kwa nazi, nimerudi mchuzi umekatika mabonge mabonge, kamimina tui zito mwanzo wa kupika! Frigi anaacha wazi, jiko la gesi analiwasha amekaa mbali kama linataka kumng'ata. Mume wangu anasema huyu hana akili nimrudishe kwao. – Mama Wawili, Chumbageni

Mama Wawili, tui zito linaingia mwisho, wewe unalijua hilo tangu lini? Tangu unamkalia mama yako miguuni anakuna nazi kwenye mbuzi. Lushoto hakuna minazi dada yangu, ni milima na baridi na ukungu, yule mtoto huenda mbuzi ya kukunia kaiona kwa mara ya kwanza kwako. Sa umemuweka jikoni umemuuliza maswali ya kitabu ulichokiandika wewe, akakosa, ukampa sifuri ya akili.

Hili pia lilipimwa, mwaka huohuo 1977, Lee Ross niliyemtaja juu na wenzake kule Stanford. Waliwaweka watu wawili wawili, mmoja wakampa kazi ya kutunga maswali magumu ya vitu anavyovijua yeye, mwingine ajibu. Nani muulizaji na nani mjibuji walichaguliwa kwa bahati tu. Bila shaka mjibuji alikosa mengi, angejuaje vilivyomo kichwani mwa mwenzie. Walipoulizwa nani ana elimu zaidi, waliokuwa wanatazama wakasema muulizaji, na mjibuji mwenyewe akasema muulizaji, kajiona mjinga kabisa. Hebu fikiria huyo binti usiku akilala anajiona nini.

Nikikupeleka wewe kwao asubuhi ya mwezi wa saba, nikupe kuni mbichi za ukungu nikwambie washa moto, nikupandishe kwenye mteremko ukapalilie karoti bila kuzing'oa, nikwambie chagua peasi zipi zivunwe leo na zipi zisubiri gari la kesho, saa nne asubuhi mama mkwe wa Kisambaa atakuwa ameshasema huyu wa Tanga hana akili. Kaa nae siku moja tu. Ikune nazi moja mbele yake, kamua tui la kwanza weka kando, kamua la pili, la pili ndo la kuchemshia, muache aguse kwa mikono yake, afu siku ya pili afanye yeye wewe ukae pembeni. Gesi mshike mkono awashe. Na hiyo kauli ya mume wako isirudiwe mbele ya watoto, mana watoto wakiamini dada hana akili wataanza kumtuma kwa kumpigia vidole.

Mi naigiza kwenye kikundi chetu cha maigizo hapa Makorora, kwenye mchezo wetu nacheza mke mwenza mkorofi anayetia sumu chakula. Shangazi toka tuanze kuurusha kwenye simu kuna wamama hawali kwangu! Naomba ushauri. – Muigizaji

Pole mdogo wangu, na hongera, mana umeigiza vizuri. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris waliwasomesha wanafunzi insha za kumsifu na za kumponda Fidel Castro wa Kuba, wakawaambia wazi kabisa mwandishi kapangiwa na mwalimu upande wa kuandika, hakuchagua. Bado wanafunzi walioisoma insha ya kumsifu walidhani mwandishi kidogo anampenda Castro kweli. Yaani hata ukiambiwa kalazimishwa, moyo unasita. Dawa yake ni watu wakuone kwingine, ingia jikoni kwenye shughuli ya jirani, umenye vitunguu na wenzio, upakue na wewe ule sahani hiyohiyo.

Shangazi, mimi ni baba wa familia, naishi Pongwe nna genge la matunda nachukua machungwa Muheza. Kwa mwezi mmoja bodaboda yangu imeteleza nimevunjika mkono, genge limevunjwa, na mtoto kalazwa na malaria. Jirani yangu mwenye genge la pili hakuja kuniangalia hata mara moja. Mganga mmoja kaniambia mkono wa mtu upo, mtu wa karibu anayefanya biashara kama yangu. Nimekosa usingizi. Nimkabili? – Baba wa Pongwe

Kaka yangu usimkabili, na barua hii nimeijibu kabla ya zote kwa kuogopa usije ukafanya kitu usiku.

Nakuelewa unavyojiuliza. Mambo matatu mwezi mmoja, kwanini mimi, kwanini sasa. Kuna Mwingereza Evans-Pritchard aliishi na Waazande kule kusini mwa Sudan miaka ya 1920, kitabu chake kikatoka 1937. Anaeleza ghala la nafaka limesimama juu ya nguzo, watu wanakaa chini yake kukwepa jua, siku moja ghala linaanguka linawaumiza. Waazande wanajua kabisa nguzo zimeliwa na mchwa, si wajinga. Wanachouliza ni kwanini lianguke saa ileile fulani na fulani wamekaa chini, na jibu lao ni uchawi. Swali hilo hata mzungu akiumwa analiuliza usiku peke yake, ni swali la kila aliyeumia. Hatari iko pale swali linapopewa jibu lenye jina la mtu.

Tazama kimoja kimoja. Pikipiki imeteleza, tairi lilikuwaje, na barabara ya Muheza mvua ilinyesha? Malaria mwezi wa masika pwani hii, wangapi wamelazwa wodi ileile na mtoto wako, nao wote jirani yako kawaroga? Genge likivunjwa usiku, kufuli lilikuwa la aina gani? Kila kimoja kina mchwa wake. Na huyo mganga aliyekwambia mtu wa karibu mwenye biashara kama yako, kaka, kila mwenye genge Tanganyika nzima ana mtu wa karibu mwenye genge. Angemwambia yeyote lingemfaa.

Jirani hakuja kukuona, ndio, ni kosa la ujirani na linauma. Ila inawezekana kashasikia unamshuku, habari Pongwe zinakimbia kuliko daladala, na mtu anayeshukiwa akija anaambiwa kaja kuangalia kazi yake, asipokuja anaambiwa anaogopa. Aende wapi? Na ujue Sheria ya Uchawi ya nchi hii ipo tangu 1928, kumtaja mtu hadharani kuwa ni mchawi ni kosa, unaweza kushtakiwa wewe. Nchi yetu hii wazee wameuawa kwa macho mekundu tu, macho ya moshi wa kuni miaka 50.

Badilisha tairi, nunua kufuli la maana, mtoto alale ndani ya chandarua, na mkono ukipona vuka barabara umsalimie. Nina huruma na wewe kweli, lakini na yeye nina huruma nae.

Eti shangazi ni kweli wazungu ndo wanahukumu mtu kwa tabia na sisi Waafrika tunaangalia mazingira? Mwalimu katuambia. – Kidato cha Sita

Nusu nusu mwanangu. Joan Miller mwaka 1984 alilinganisha Wamarekani wa Chicago na Wahindu wa Mysore kule India, watu wazima wa Marekani walieleza makosa ya watu kwa tabia zao zaidi, wa India walitaja mazingira zaidi, lakini watoto wadogo wa pande zote walikaribiana, tofauti ikaja kukua na umri. Maana yake tunafundishwa. Na Michael Morris na Kaiping Peng mwaka 1994 walisoma magazeti ya Marekani, la Kiingereza na la Kichina, yote yanaripoti mauaji yaleyale, la Kiingereza likachimba ubaya wa muuaji, la Kichina likachimba mahusiano yake na yaliyomkuta. Sasa Waafrika hawamo kwenye hizo tafiti mbili, kwahiyo usiende kujisifu kwa mwalimu. Kaa kibarazani jioni moja pale Ngamiani usikilize watu wanavyosemwa, halafu uniandikie umesikia mazingira mangapi.

Shangazi nimesoma jibu lako la wiki iliyopita kwamba mtu tumuwekee udhuru. Mume wangu hunitukana matusi ya nguoni na mara mbili kanipiga, kisha anasema kachoka, kazi ya kupakua mizigo ngumu, na bosi anamnyanyasa. Ni kweli kazi yake ngumu. Nimuelewe mpaka lini? – Asiyejua, Mabawa

Mdogo wangu, afadhali umeandika, mana nisingependa neno langu la udhuru liwe kamba ya kukufungia.

Mtaalamu mwingine wa elimu ya nafsi, Harold Kelley, mwaka 1967 alieleza maswali matatu ambayo mtu anayetaka kujua kweli chanzo cha tendo anayauliza. Tuulize kwa mumeo. La kwanza, wanaofanya kazi kama yake nao wote wanapiga wake zao? Pale mizigoni wako wangapi, wangapi wanarudi nyumbani wamechoka wanaomba maji ya kuoga wanalala? La pili, anawafanyia watu wote hivo? Bosi ndo anayemnyanyasa, je amewahi kumtukana bosi matusi ya nguoni? Mama yake mzazi akija wakati kachoka, anampiga kofi? La tatu, ni mara moja au inajirudia? Umesema mara mbili kipigo, na matusi kila mara.

Yule mama wa Deep Sea alinitupia mimi sarafu na alimtupia kila mtu, hata sheikh, kwa sababu vidole vilikuwa havikunjiki kwa mtu yeyote. Mumeo mkono wake unakunjika kwa bosi, unakunjika kwa mama yake, unakunjuka kwako tu. Uchovu haujui kuchagua mtu. Yeye anachagua. Kwahiyo uchovu ni kweli upo na bosi mbaya ni kweli yupo, lakini sababu ya kukupiga haitoki huko, inatoka kwake, na ni yeye wa kuijibia. Udhuru tunamuwekea mtu tusiyejua yaliyomkuta. Wewe unayajua yake yote, umeyaishi.

Mwambie mtu mmoja unayemuamini, mama yako au kaka yako, leo hii usingoje. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, unaingia unasema nataka dawati, utapelekwa chumba cha pembeni, na halmashauri kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Akikupiga tena na umeumia nenda polisi upewe ile fomu ya matibabu ya PF3 kisha hospitali, utunze karatasi zote kwa mtu mwingine zisikae nyumbani. Weka nauli na vitambulisho vyako na kadi za kliniki za watoto mahali unapoweza kuvichukua usiku bila kuwasha taa.

Barua yako inayofuata nitaisoma ya kwanza, na sitaichapa gazetini kama hutaki.